Kustahimili si kujikaza

Mwezi huu nimelisikia neno "stahimili" mara tatu. Msibani Tandika, shangazi mmoja alimwambia mjane, "Stahimili mwanangu, acha kulia." Kwenye kichenpati Sinza, kungwi alimfunda bi harusi astahimili, yaani hata akipigwa asitoe siri ya ndani. Ya tatu ilikuwa semina ya kazini, mtoa mada akatuambia ustahimilivu ni kuzima hisia. Tukapiga makofi, na mimi nikapiga.

Wanasaikolojia wanaposema kustahimili dhiki wanamaanisha kuivuka saa ngumu bila kuiongezea ubaya. Basi. Mmoja wao, Marsha Linehan wa Marekani, alichapisha mwongozo wa stadi za kufanya hivyo mwaka 1993, akiwalenga hasa watu ambao hisia huwapanda hadi wakajidhuru.

Lakini neno lenyewe lilishasema yote. Mzizi wake wa Kiarabu ni kubeba. Humo ndimo tulimopata himili, himila (mzigo) na hamali. Na sisi wa Dar tuna mtaa mzima uliozaliwa na kubeba: Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jina lilivyotamkwa na wenyeji. Nenda pale sokoni alfajiri umtazame hamali na gunia lake. Hajifanyi halina uzito. Anaguna, anapiga kelele apishwe njia, anahamisha bega, na akichoka anatua.

Kujikaza ni habari nyingine. Kukaza ni kubana, na anayejikaza hubana kweli: meno, ngumi, hata pumzi. Mzigo haubebi, anaukana.

Ndiyo maana stadi zenyewe hazimkatazi mtu kulia. Kuzamisha uso kwenye beseni la maji baridi huku umezuia pumzi kwa sekunde chache hupunguza mapigo ya moyo, kwani mwili huitikia kama umepiga mbizi (mwenye maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza). Kutoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta nako hutuliza. Machozi yanaweza kuendelea kutoka wakati wote huo, wala hayaharibu kitu.

Kungwi naye nimjibu. Stadi hizi ni za jambo lisiloweza kubadilishwa saa hiyo hiyo, kama kifo, au majibu ya hospitali usiku wakati daktari ni kesho. Mume anayepiga hayumo humo. Kwa huyo kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Shangazi wa Tandika sikumsahihisha, msibani si mahali pake. Neno alipatia. Ningemwomba tu, akishasema "stahimili mwanangu", aishie hapo, amsogelee mjane waupakate huo mzigo pamoja, na amwachie machozi yake.