Nina mimba na natumia dawa za sonona. Niache?

Maswali haya nayajibu kliniki ya wajawazito karibu kila wiki. Mengi huletwa kwa sauti ya chini, mama akingoja wenzake watoke kwanza.

Sonona ni nini hasa?
Ni ugonjwa. Huzuni nzito au kukosa hamu ya mambo yote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vikakushinda. Siyo uvivu wala kudeka, na mimba haimkingi mtu nayo.

Nimepima leo, nina mimba. Niache vidonge?
Hapana. Usiache leo, usiache kesho, usiache kabla hujaonana na aliyekuandikia.

Narudia kwa sababu ya ninayoyaona. Mama mmoja alifungua mkoba akanipa karatasi ya vidonge, nusu havijaguswa. Wifi yake alimwambia dawa za akili zinazaa zezeta, akaacha siku ileile. Kadi yake ilionyesha kilo 62 hudhurio la kwanza. Siku hiyo mzani ulisoma 57. Alikuwa hapati usingizi, na hudhurio lililofuata hakutokea kabisa. Tulikuja kukutana naye wiki nyingi baadaye, mimba imeshakuwa kubwa.

Lakini dawa si inamfikia mtoto?
Inamfikia, inapita kwenye kondo la nyuma. Sikufichi. Fluoksetini na sertralini, ambazo ni dawa za sonona, zimechunguzwa kwa wajawazito wengi mno, na watoto walio wengi sana huzaliwa bila kasoro yoyote. Paroksetini, nayo ya sonona, imehusishwa na ongezeko dogo la kasoro za moyo ikitumika miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo anayeitumia awahi kuongea na daktari. Awahi kuongea, nimesema, siyo awahi kuacha.

Dawa zikitumika mpaka mwisho wa mimba, watoto kama 3 kati ya 10 huonyesha dalili siku za mwanzo: kutetemeka, kulia sana, kunyonya kwa shida, kupumua haraka haraka. Mara nyingi huisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Ndiyo maana nakusihi uzalie hospitali, umwambie mkunga unatumia dawa gani, na usikimbilie kuruhusiwa mapema. Mama anayeficha vidonge vyake anatunyima nafasi ya kumwangalia mtoto inavyopaswa.

Si heri niteseke mimi kuliko mwanangu?
Mama, ukiteseka wewe na yeye anateseka. Sonona isiyotibiwa inaongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati na ya kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu. Mama hali chakula, haji kliniki, wengine hukimbilia pombe. Wengine hujiua, na mtoto anaondoka naye. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wajawazito 201 waliowahi kuugua sonona: kati ya walioacha dawa, asilimia 68 waliugua tena kabla ya kujifungua, kati ya walioendelea, asilimia 26.

Nikipunguza mwenyewe, nusu nusu?
Hapana. Ukikatisha dawa mwili unalalamika: kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, mishtuko kama ya umeme kichwani. Ikibidi kupunguza, hufanyika polepole, kwa wiki kadhaa, daktari akikufuatilia. Mwenye sonona nyepesi huenda akatoshwa na ushauri nasaha, lakini hilo haliamuliwi na jirani wala mama mkwe.

Dada yangu ana amitriptilini, nimeze nipate usingizi?
Usimeze. Nayo ni dawa ya sonona, na ukizidisha inaweza kusimamisha moyo. Na zile za dada ziwekwe mahali watoto hawafiki.

Dawa zote za akili ni sawa kwa mimba?
Siyo sawa. Valproeti, inayotumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ni hatari kweli: karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro kubwa. Hata hiyo usiiache mwenyewe, maana degedege la ghafla linaweza kukuua. Njoo siku hiyohiyo.

Nitanyonyesha?
Wengi wananyonyesha vizuri. Sertralini hupita kidogo sana kwenye maziwa.

Nimeshaacha, tena wiki tatu zilizopita. Nifanyeje?
Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Njoo kesho asubuhi na vidonge vilivyobaki, hata kama ni pakiti tupu, tujue ulikuwa unatumia kipi na kiasi gani. Usianze tena kwa dozi yote ya zamani kabla hatujaonana. Na ikiwa unawaza kujiua, au kumdhuru mtoto, hata kesho ni mbali: mwamshe mtu akupeleke hospitali usiku huuhuu, na asikuache peke yako njiani.