Mpango unaonyumbulika si ruhusa ya kubadili ramani siku yoyote

Wengi hudhani kwamba mradi wa ujenzi ukiwa na mpango unaonyumbulika, mwenye jengo anaweza kubadili ramani wakati wowote, mradi akiba ya fedha ipo. Sivyo. Kinachonyumbulika ni yale mambo yaliyoachwa wazi kwa makusudi, na kila moja lina tarehe yake ya mwisho ya kuamuliwa.

Tarehe hiyo huhesabiwa kurudi nyuma, kuanzia siku ya kazi inayotegemea uamuzi huo. Chukua choo cha ghorofani. Bomba la maji machafu la milimita 110 hupita kwenye slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, kwa hiyo tundu lake huachwa kabla ya zege kumwagwa. Lakini mwisho wa kuhamisha choo si siku ya zege. Ni kabla nondo hazijasukwa, maana zinazozunguka tundu huenda zikapangwa upya. Ukichelewa, slabu itatobolewa kwa mashine, na mashine haichagui: nondo nazo zinakatwa. Hapo lazima mhandisi wa miundo aseme kwanza patobolewe wapi. Huna uhakika choo kitakaa upande gani? Acha matundu mawili, lisilotumika lizibwe baadaye.

Rangi na vitasa vinaweza kusubiri.

Akiba nayo hainunui muda. Badiliko likiangukia kazi inayosubiriwa na nyingine zote, tarehe ya makabidhiano inasogea hata pesa ikiwepo. Kwa hiyo liandikwe pamoja na gharama na siku zitakazoongezeka, kisha lisainiwe kabla fundi hajagusa kitu. Agizo la mdomo hubishaniwa siku ya malipo.