Vivutio vya Urithi wa Bahari: Dhana Potofu Kuhusu Gharama Zake

Mji wa bandari unapotangaza kwamba utajenga makumbusho makubwa ya historia ya bahari, au utaifufua meli kongwe ili ipokee wageni, wananchi hugawanyika upesi kati ya wanaouona mradi kuwa israfu na wanaouona kuwa mkombozi wa uchumi. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, huelekeza nguvu mahali pasipostahili, yaani kwenye bei iliyotangazwa siku ya kuweka jiwe la msingi, na dhana potofu zifuatazo nyingi zinatokana na kosa hilo.

Dhana: Bei ya ujenzi ndiyo gharama ya mradi

Mji wa Long Beach, katika jimbo la California, uliinunua meli ya abiria Queen Mary mwaka 1967 kwa dola milioni 3.45. Nusu karne baadaye, ukaguzi wa kihandisi wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba matengenezo yaliyohitajika yangeweza kufikia dola milioni 289. Bei ya kununua haikuwa siri wala uongo. Kilichopuuzwa ni kwamba chuma kilichomo majini huliwa na kutu kila siku, pawe na wageni au pasiwe nao.

Meli za mbao zina maradhi yake. Vasa, manowari ya Sweden iliyozama mjini Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, ilidumu chini ya maji kwa zaidi ya karne tatu kwa sababu maji ya Bahari ya Baltiki hayana chumvi ya kutosha kuwawezesha kuishi wale viumbe wa baharini wanaotoboa mbao. Ilipoibuliwa mwaka 1961, wahifadhi waliinyunyizia kwa miaka 17 kemikali inayofanana na nta ili mbao zisisinyae na kupasuka, kisha wakaiacha ikauke polepole, na makumbusho yake ya kudumu yakafunguliwa mwaka 1990. Wengi wangedhani kazi ilikwisha hapo. Mwaka 2000, baada ya majira ya joto yenye mvua nyingi, ilibainika kwamba mbao zilikuwa zikitoa asidi, na mojawapo ya sababu ilikuwa unyevu ulioingia na nguo za wageni wenyewe, kiasi kwamba mitambo ya kurekebisha hewa ilizidiwa na ikabidi iboreshwe. Baadaye, kuanzia mwaka 2011 hadi 2018, zaidi ya bolti 5,000 zilizokuwa zikipata kutu ziling'olewa na kubadilishwa. Kwa hiyo, anayesema kwamba wageni wengi watamaliza tatizo la fedha anapaswa kukumbuka kwamba wageni hao nao ni sehemu ya mzigo ambao kitu chenyewe hulazimika kuubeba.

Dhana: Makadirio ya idadi ya wageni hutiwa chumvi kila mara

Wenye shaka wana haki ya kuwa na shaka, ila makosa ya makadirio huelekea pande zote mbili. Titanic Belfast, jengo la maonyesho huko Ireland ya Kaskazini lililogharimu takriban pauni milioni 97 na kufunguliwa mwaka 2012, lilitiliwa shaka hata na wakaguzi wa hesabu za umma, kwa kuwa lilihitaji wageni wapatao 290,000 kwa mwaka ili lijiendeshe bila hasara. Mwaka wa kwanza walifika zaidi ya 800,000. Watetezi wa miradi mipya hupenda kuutaja mfano huu, lakini mara nyingi husahau jambo moja: ndani ya jengo hilo hamna meli ya Titanic, ambayo bado imelala kwenye sakafu ya Atlantiki. Kinachotunzwa humo ni kumbi za maonyesho, si mbao wala chuma cha karne zilizopita, na anayepanga kuhifadhi meli halisi hawezi kuazima hesabu za mahali hapo bila kuzirekebisha.

Dhana: Fedha hizo zingejenga hospitali

Wakati mwingine hilo haliwezekani kisheria. Makumbusho ya Mary Rose, manowari ya Mfalme Henry VIII iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa mwaka 1982, yalifunguliwa mjini Portsmouth, Uingereza, mwaka 2013 kwa msaada mkubwa wa fedha za bahati nasibu ya taifa zilizotengwa kwa ajili ya urithi. Kama zisingekwenda kwenye meli hiyo, zingekwenda kwenye kanisa kuukuu au bustani ya kihistoria, si kwenye wodi ya wagonjwa.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo lalamiko hili lina mashiko, na ni kosa kulitupilia mbali kila linaposikika. Nchini Uholanzi, shirika la nyumba za bei nafuu liitwalo Woonbron lilijiingiza katika kuikarabati meli ya abiria Rotterdam ili iwe hoteli na kivutio. Makadirio ya mwanzo yalikuwa ya euro milioni chache. Gharama zikapita milioni 200, kisha meli ikauzwa kwa takriban milioni 30. Pengo hilo lilibebwa na shirika ambalo kazi yake ilikuwa kuwapa watu makazi. Swali la kuulizwa, basi, ni fedha zinatoka mfuko gani na hasara ikitokea italipwa na nani, na jibu linapaswa kuandikwa kabla ya mkandarasi kuingia kazini.

Dhana: Kujenga meli mpya kwa mfano wa ile ya kale huepusha matatizo

Ufaransa ilianza kuijenga Hermione mjini Rochefort mwaka 1997, kwa mfano wa meli ya vita ya karne ya 18, na mwaka 2015 meli hiyo mpya ilivuka Atlantiki hadi Marekani kwa shangwe kubwa. Mwaka 2021 ilipopandishwa chelezoni iligundulika kwamba kuvu walikuwa wameozesha mbao zake, na waendeshaji wakaanza upya kutafuta mamilioni ya euro ya kuitengeneza.

Dhana: Kelele za upinzani ndizo maoni ya umma

Mwaka 2012 merikebu Cutty Sark ilifunguliwa tena jijini London baada ya kuungua mwaka 2007, kwa ukarabati uliogharimu takriban pauni milioni 50. Mwaka huohuo ilipewa tuzo ya dhihaka ya jengo baya kuliko yote nchini Uingereza, kwa sababu ya kioo kilichoizunguka. Hiyo ilikuwa hukumu ya wajuzi wa usanifu majengo, na wageni waliendelea kupanga foleni. Vivyo hivyo, kura ya maoni inayouliza kama watu wanapenda historia ya bahari yao itapata ndiyo nyingi. Ikiuliza kama wako tayari kuilipia matengenezo kwa miaka 30 ijayo, majibu yatakuwa mengine kabisa, na ni hili la pili ambalo waandaaji wa miradi hukwepa kuliuliza.