Mpira Usio na Injini Kwenye Sayari ya Mirihi

Januari 2004 vyombo viwili vilianza safari za ardhini. Cha kwanza, Opportunity, ni roboti ya NASA yenye magurudumu sita iliyotua Mirihi, ikafanya kazi zaidi ya miaka 14 na kutembea kilomita 45 hivi. Cha pili kilikuwa mpira wa kujazwa hewa, wenye kipenyo cha mita 2 hivi, ambao wahandisi wa maabara ya JPL ya Marekani waliuachilia karibu na Ncha ya Kusini, huko Antaktika, kujaribu kama mpira wa aina hiyo unaweza kutumika Mirihi. Haukuwa na injini wala usukani. Upepo uliuviringisha kilomita 70 kwa siku 8, na vifaa vilivyokuwa ndani vikawa vinatuma vipimo vya joto na kanieneo ya hewa kupitia setilaiti.

Ni kweli Opportunity ilisimama mara nyingi kuchunguza miamba, na barafu ni tambarare. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Wazo lenyewe lilipata nguvu kwa bahati. Wahandisi wa JPL walikuwa katika jangwa la Mojave wakijaribu gari lenye magurudumu makubwa ya kujazwa hewa, gurudumu moja likachomoka, na upepo ukalipandisha matuta ya mchanga.

Wanafunzi wa Nairobi, ambao wengi wao wameiona mitambo ya upepo ya Ngong, huniuliza: Mirihi kuna upepo wa kutosha? Swali zuri sana. Hewa ya huko ni nyepesi kama mara 60 kuliko ya kwetu. Kani ya upepo hufuata uzito wa hewa na kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo dhoruba ya kilomita 100 kwa saa huko husukuma kama upepo wa kilomita 13 kwa saa hapa. Ni kidogo, lakini ukiongeza kipenyo cha mpira maradufu, eneo linalopigwa na upepo huongezeka mara nne. Isitoshe, mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya ule wa Dunia. Mpira mkubwa na mwepesi utakwenda.

Mwaka 2025, kundi la watafiti la Team Tumbleweed lilijaribu vyombo vidogo vya umbo la mpira, vya sentimita 30 hadi 50, katika chumba maalumu cha Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, chenye hewa iliyopunguzwa kukaribia ya Mirihi. Upepo wa mita 9 hadi 10 kwa sekunde ulitosha kuviviringisha juu ya mchanga na mawe.

Ugumu uliobaki ni kwamba huwezi kuuelekeza mpira. Unaweza kuupunguza hewa ili usimame upime udongo, kisha ukaujaza tena, lakini njia inachaguliwa na upepo. Kwangu mimi, jibu ni kupeleka mipira mingi ya bei nafuu, ili kumi ikikwama mabondeni, mingine iendelee kupima.

Kenya tunalo jangwa la Chalbi, Marsabit, tambarare na lenye upepo mkali. Wanafunzi wa uhandisi wanaweza kuanza na mpira wa mita moja, kipimajoto na kifaa cha GPS. Kabla ya kuhesabu kilomita, waandike mpira umekwama wapi, umezuiwa na nini, na ni upepo wa kasi gani ulioukwamua.