Zawadi ya kufunga mauzo: maana yake na wakati wake

Zawadi ya kufunga mauzo ni kitu ambacho ajenti wa nyumba au ardhi humpa mteja wake baada ya biashara kukamilika: mnunuzi ameshalipa, muuzaji ameshapokea, ufunguo umehama mkono. Ajenti huitoa mfukoni mwake bila kudaiwa. Uzito wote wa maelezo hayo uko kwenye neno "baada". Nimefanya kazi hii Nakuru, Kenya, miaka kumi na mmoja sasa, na karibu kila zawadi niliyoiona ikiharibika, iliharibikia hapo.

Kwa sura yake ya leo, desturi hii imeshamiri sana Marekani. Kule kuna siku ya kufunga inayojulikana. Mnunuzi hutia sahihi rundo la karatasi, pesa hupitia kwa mtu wa kati, na mara nyingi siku hiyo hiyo huondoka na funguo. Ajenti humngoja na kikapu cha vyakula, au ubao wa kukatia mboga uliochongwa jina la familia, au mche wa kupanda uani. Mamlaka yao ya kodi humruhusu mfanyabiashara kutoa kwenye hesabu yake ya kodi dola 25 tu kwa kila mtu kwa mwaka kwa zawadi za namna hiyo, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 1962. Tena wana sheria ya 1974 inayokataza watu kulipana kwa siri kwa sababu ya kuelekezana wateja wa huduma zinazoambatana na mauzo ya nyumba. Kwa hiyo hata kule, kumshukuru aliyenunua ni jambo moja, na kumtilia mtu kitu mfukoni ili akusukumie wateja ni jambo jingine.

Huku kwetu hakuna siku moja ya kufunga. Kuna mkataba unaotiwa sahihi kwa wakili, na hapo mnunuzi kwa kawaida hutoa asilimia 10. Kisha huanza kungoja, mara nyingi siku 90 zilizoandikwa kwenye mkataba, na mara nyingi zaidi ya hizo. Kama ni shamba la kilimo lazima muende bodi ya ardhi, na maombi ya kibali hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Kuna idhini ya mke au mume wa muuzaji. Kuna sachi ya kwanza, yaani kukagua daftari la ardhi kuona ardhi ni ya nani, na kuna sachi ya mwisho kabla pesa iliyobaki haijatoka. Kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, na huo ni wa mnunuzi. Ndipo uhamisho husajiliwa na hati ikatoka kwa jina jipya. Kandokando ya Nakuru kuna ugumu wake wa ziada, kwa sababu ploti nyingi zilikatwa kutoka mashamba makubwa yaliyonunuliwa na kampuni za wananchi miaka ya 1960 na 1970. Hadi leo unakutana na mtu anayeuza kwa cheti cha hisa, au kwa hati yenye jina la marehemu babu yake, na wajukuu wengine wote wako hai.

Ajenti akikuambia "tumefunga", muulize kilichofungwa ni nini.

Kampuni ndogo niliyoanzia kazi ilikuwa na desturi ya kumpa mteja blanketi siku ya kutia sahihi mkataba. Yalipangwa kabatini, mekundu na ya kahawia, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu. Tulipiga picha: mteja ameshika blanketi, mkubwa wetu amemshika bega, na kabla ya saa sita picha iko Facebook. Mama mmoja, muuguzi aliyekaribia kustaafu, alinunua ploti upande wa Kiamunyi akapewa la kahawia. Wiki ya nne ndugu ya muuzaji akaiwekea ile ardhi kizuizi kwenye daftari. Sachi ya kwanza ilikuwa safi, ya pili haikuwa safi. Mwezi wa nane mama yule akaja ofisini asubuhi, akaketi, akaweka blanketi mezani. Lilikuwa bado kwenye mfuko wake, na kikaratasi cha bei kimeng'ang'ania pembeni.

"Binti yangu," akaniambia, "hili mlinipa la nini?"

Sikuwa na jibu. Mkubwa wetu alikuwa chumba cha ndani na hakutoka.

Nimelifikiria swali lile miaka mingi. Zawadi inayotangulia kazi hufanya mambo mawili, na yote mawili ni mabaya. Kwanza humfunga mdomo aliyepewa. Watu wetu huona haya kumsumbua aliyewakirimu. Mama yule alikuwa akipiga simu mara moja kwa mwezi, kwa kusita, akianza na "samahani kwa kukusumbua", ilhali ni pesa zake za miaka thelathini ya zamu za usiku. Pili, ile picha ilimgeuza shahidi wetu. Waliomwona Facebook akitabasamu na blanketi waliamini amepata ardhi, na wawili kati yao walikuja kwetu kwa sababu hiyo. Alikuwa amepata karatasi yenye sahihi tu. Ndiyo maana siku hizi sitoi kitu chochote kabla hati haijatoka na mteja hajaingia, hata kama ngoja hiyo ni ya mwaka mzima.

Jambo la pili ni pesa ya zawadi ilikotoka. Tuseme mwenye ploti ya futi hamsini kwa mia anataka shilingi milioni 1.8. Broka anamtajia mnunuzi milioni 2, na laki mbili za katikati ndizo tunazoita cha juu. Siku ya mwisho broka huyo analeta kikapu cha shilingi 6,000: majani ya chai, biskuti, chupa mbili za juisi, utepe. Mnunuzi anashukuru kwa moyo wote, na kile kikapu amekinunua mwenyewe, pamoja na vingine zaidi ya thelathini ambavyo hakuviona. Zawadi ya namna hiyo ni pazia. Linganisha na ajenti aliyekubaliana na muuzaji kwa maandishi asilimia 3 ya milioni 2, yaani shilingi 60,000. Akitoa 3,000 humo, kila mtu anajua zimetoka wapi na yeye amepungukiwa na kiasi gani. Mimi huwaambia wateja wangu kamisheni yangu ni ngapi na inalipwa na nani kabla hatujatembelea ploti ya kwanza.

Kuhusu bahasha inayopelekwa kwa karani, kwa mpimaji au kwa mjumbe wa bodi ili faili "isogee", sitatumia maneno mengi. Hata ikiitwa asante, hiyo ni hongo, na Sheria ya Hongo ya 2016 inamhusu anayetoa sawasawa na anayepokea. Haihusiani na mada hii ila kwa kufanana jina.

Kuna jingine linalovaa nguo za zawadi. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana floraidi nyingi, ile inayoacha meno ya watoto na rangi ya kahawia, na ndiyo sababu Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza kutengeneza machujio ya mkaa wa mifupa. Ukiuza nyumba inayotegemea kisima, mnunuzi anastahili kuambiwa hayo siku ya kuiona, wakati bado anaweza kupunguza bei au kuondoka. Ukinyamaza, kisha ukamletea chujio siku ya kuhamia, hujampa kitu. Umemrudishia sehemu ndogo ya ukweli uliomnyima. Hali ni hiyo hiyo kwa ploti inayotuama maji upande wa Nyamasaria huko Kisumu, au njia ya kuingilia ambayo iko kwa hisani ya jirani na haimo kwenye ramani.

Muuzaji naye ni mteja, na mara nyingi ndiye aliyekuajiri. Je, apewe zawadi? Hapa ndipo naona wenzangu wanaiga bila kutazama. Mimi ni wa Kakamega, na kwetu ardhi imekatwakatwa hadi mtu ana robo ekari. Anayeuza kipande cha shamba la baba yake ili alipe bili ya hospitali hafungi mauzo kwa furaha. Niliwahi kuona keki ikiletwa kwenye meza ya wakili mbele ya mzee wa namna hiyo, imeandikwa "Hongera". Alikaa akiitazama huku ameshika kofia yake magotini, na aliyeleta keki hakuelewa kwa nini hailiwi. Kwa mzee kama huyo, nauli ya kurudi kwake na mtu wa kumsindikiza benki ni heshima ya kutosha. Au uende kwake wiki mbili baadaye, bila kamera, na kilo mbili za sukari kama mgeni yeyote anavyofanya.

Na huko ndiko desturi yetu ilikokuwa tangu zamani. Neno lenyewe zawadi lina ukoo na neno la Kiarabu la masurufu ya safari, chakula anachobeba msafiri. Kwetu magharibi mgeni haingii nyumba mpya mikono mitupu: huja na unga, majani, sabuni, kuku. Ajenti anayefika na kitu cha kutumika siku hiyo anaingia kwenye mstari huo bila kuonekana wa ajabu. Kisumu, hata hivyo, awe mwangalifu na maneno anayochonga kwenye mbao za ukutani. Kwa Mjaluo nyumba ya Milimani au Mamboleo ni ot, mahali pa kulala. Dala, yaani boma la nyumbani, ni mahali pengine, na penye taratibu zake za kuanzishwa, jogoo akiwa mojawapo. Tofauti hiyo ilibishaniwa mahakamani mbele ya nchi nzima katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987. Ubao wa "Boma la familia ya fulani" kwenye nyumba ya ghorofa ya tatu unaweza kumpendeza mmoja na kumkera babake aliyekuja kutembea.

Basi nitoe nini? Nimejaribu vingi. Miche ya parachichi ilikuwa mizuri Ngata na Njoro, na haikuwa na maana kwa waliohamia fleti. Vyombo vya glasi vilivunjika kwenye lori. Kilichodumu ni faili ngumu ya plastiki yenye nakala za kila kitu: mkataba, sachi zote mbili, kibali cha bodi kama kilihitajika, risiti ya ushuru wa stempu, ramani na namba za vigingi, namba ya mita ya umeme, na jinsi ya kuhamisha akaunti ya maji, Nawassco huku kwetu au Kiwasco kule Kisumu. Kazi ya kuikusanya inanichukua nusu siku. Kuna mteja aliyenipigia baada ya miaka minne jirani alipohamisha ua, akanisomea namba za vigingi kutoka kwenye faili ile akiwa amesimama penye mpaka.

Cha pili ni vitasa. Nyumba iliyotumika imetawanya funguo zake: mpangaji wa kwanza anao, kijana wa kazi aliyeondoka anao, fundi wa bomba anao, na mimi mwenyewe nilikuwa nao muda wote nilipoionyesha. Mwaka jana mwalimu mmoja alinunua nyumba ya vyumba vitatu Section 58. Hati ilipotoka, nilimlipa fundi abadilishe vitasa vya mlango wa mbele na wa jikoni. Gharama yote, na kazi yake, haikufika 5,000. Ilikuwa jioni, umeme bado haujarudishwa, na mwalimu alimshikia fundi tochi ya simu huku mbao zikitoa unga mwekundu kwenye kizingiti. Fundi alipomaliza alifungua, akafunga, akafungua tena, kisha akachana kikaratasi chenye funguo tatu mpya na kunyoosha mkono kuelekea kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwita.

"Mpe mwalimu," nikamwambia.

Akazipokea, akazihesabu moja moja kwenye kiganja, akatujaribia zote tatu mlangoni kabla hatujaondoka.