Kizuizi cha damu na ubongo, na kinachokipata kichwa kikigongwa

Wengi wakisikia "kizuizi cha damu na ubongo" hufikiria ganda linaloufunika ubongo kwa nje. Ganda lipo, tena si moja: kuna fuvu, chini yake tabaka tatu za utando, na katikati ya tabaka hizo maji, kama mililita 150 kwa mtu mzima, ambamo ubongo huelea. Kazi ya hayo ni kuukinga ubongo na dunia ya nje. Kizuizi tunachokizungumzia hapa huukinga na damu ya mwenye kichwa, nacho kimo ndani ya kuta za kapilari, ile mishipa myembamba kuliko yote, iliyotapakaa ubongoni kama mizizi ya nyasi. Huwezi kunyoosha kidole ukasema kiko pale.

Mbona ubongo ujihadhari na damu inayoulisha? Kwa sababu damu hubeba kila kitu: chumvichumvi zinazopanda na kushuka, homoni, sumu, vijidudu. Seli za neva huzungumza kwa umeme unaotokana na chumvi hizohizo. Potasiamu ikizidi kidogo tu kandokando yao, zinaanza kufyatua ishara ovyo.

Dalili ya kwanza kwamba kuna mlinzi ilionekana mwaka 1885, Mjerumani Paul Ehrlich alipowadunga wanyama rangi kwenye damu. Viungo vikashika rangi, ubongo haukushika. Yeye alidhani nyama ya ubongo haipokei rangi, basi. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akaigeuza kazi: rangi akaitia kwenye yale maji ya ubongo. Safari hii ubongo ulikolea, mwili wote uliobaki ukawa haujaguswa. Kumbe ubongo unapokea rangi vizuri tu. Shida ilikuwa njia ya kuufikia. Mwaka 1967 hadubini ya elektroni ikaonyesha mlango ulipofungwa.

Kwenye viungo vingine vingi, seli za ukuta wa kapilari huacha nafasi za kupitisha vitu. Za ubongo zimeshikana kama ukili wa mkeka ulioshonwa ukingo kwa ukingo, na nyuzi za mshono huo ni protini, mojawapo ikiitwa klaudini. Oksijeni hupenya yenyewe. Glukosi ina mlango wake maalumu. Kwa nje, seli zenye umbo la nyota, astrosaiti, huukumbatia mshipa kwa nyayo zao na kuusaidia mshono ukae imara.

Sasa kichwa kigongwe. Ubongo ni laini mithili ya jeli, na fuvu linaposimama ghafla wenyewe bado unaenda. Tena hauendi wote kwa kasi moja: sehemu za juu na za ndani hupishana, na kapilari zilizo kati yake huvutwa, nyingine kukatika. Yote hayo huisha kufumba na kufumbua, na hakuna dawa ya kuyarudisha nyuma.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya nione kwamba neno "kuvunjika" halikitoshi kizuizi hiki. Kinafumuka, na kinaendelea kufumuka kwa saa na siku kadhaa. Neva zilizoumia humwaga kemikali ya glutameti kupita kiasi, seli za kinga za ubongo huamka kwa hasira, na vimeng'enya vinavyokata protini, kama MMP-9, huanza kuutafuna ule mshono. Albumini, protini ya damu ambayo kwa kawaida haipiti, inapita. Maji yanaifuata. Ubongo unavimba.

Mguu ukivimba, ngozi hutanuka, fuvu halitanuki. Mgandamizo wa kawaida ndani yake kwa mtu mzima ni kama milimita 7 hadi 15 za zebaki. Ukipita 22, madaktari huanza kuushusha, kwa sababu ukizidi kupanda hubana hata mishipa inayoleta damu. Ndiyo maana mtu aliyeinuka baada ya ajali akasema "niko sawa" anaweza baadaye kutapika mfululizo, kusinzia asiamshike, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, asiachwe "apumzike".

Dawa nazo hutegemea mshono huo. Manitoli huvuta maji kutoka ubongoni kuyarudisha kwenye damu, mradi yenyewe ibaki ndani ya mshipa. Ukuta unapovuja, inaweza kupenya na kuyavuta maji kuelekea kusikotakiwa. Steroidi zina kisa cha kusikitisha zaidi. Hupunguza uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo, basi kwa miaka mingi zikatolewa pia kwa waliogongwa kichwa. Jaribio kubwa lililoitwa CRASH, lenye wagonjwa 10,008, lilisimamishwa kabla ya muda mwaka 2004: waliopewa steroidi walikufa wengi kuliko wasiopewa, kama asilimia 21 dhidi ya 18 ndani ya wiki mbili.

Albumini iliyoingia haileti maji tu. Huzichokoza astrosaiti, nazo zikashindwa kuzoa potasiamu kama zamani. Hii inadhaniwa kuwa njia mojawapo ya kifafa kinachojitokeza miezi au hata miaka baada ya ajali kwa baadhi ya majeruhi.

Magamba ya nje nayo hupasuka. Kitako cha fuvu kikipata ufa na utando ukachanika, maji meupe kama ya kunywa huchuruzika puani au sikioni. Usizibe, na mgonjwa asipenge kamasi: njia inayotoa maji huweza kuingiza bakteria wa homa ya uti wa mgongo.

Uvujaji huo, lakini, huenda pande zote mbili. Protini za ndani ya ubongo, kama GFAP ya astrosaiti, nazo hutorokea kwenye damu, na kizuizi kilichofumuka ni mojawapo ya njia zake. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kinachozisaka GFAP na mwenzake UCH-L1, kumsaidia daktari kuamua kama mtu mzima aliyejigonga kichwa ana haja ya kupigwa picha ya CT.