Kuchoma vumbi la Mwezini hakutoi beringi

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na mtu aliyesomea uhandisi, kwamba printa ya 3D imemaliza tatizo la spea angani: unafika Mwezini, unachota vumbi, unalitia kwenye mashine, beringi inatoka. Hapana.

Vumbi la Mwezini si unga wa metali. Zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake ni oksijeni, iliyoshikamana na silikoni, chuma, alumini na wenzao. Udongo mwekundu wa kwetu nao umejaa chuma, lakini ukiuchoma tanurini unapata tofali, hupati nondo. Mwezini ni vilevile. Tofali hilo linafaa sana kwa barabara, kwa uwanja wa kutua vyombo, kwa ukuta wa kukinga mionzi. Ukilivuta au kuligonga, linapasuka.

Metali utaipata ukiitoa hiyo oksijeni, kwa mfano kwa kuyeyusha vumbi kwenye nyuzi 1,600 hivi za Selsiasi na kupitisha umeme. Kinachotuama chini ni chuma kilichochanganyika na silikoni, na watu wanashangilia kana kwamba kazi imekwisha. Haijaanza! Chuma cha beringi kinataka kaboni ili kiwe kigumu, na kaboni Mwezini ni haba mno. Kisha kuna kukereza na kusaga hadi usahihi wa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Na sili, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji? Mpira ni kaboni na haidrojeni. Chembe za vumbi lile zina ncha kali kwa kuwa hakuna upepo wala maji ya kuzilainisha, na baadhi ya masanduku ya sampuli ya safari za Apollo za Mwezini yalivuja kwa sababu vumbi liliingia kwenye sili. Yaani kinachoharibika mapema ndicho vumbi lisichoweza kukitengeneza.

Hata spana ya racheti iliyochapishwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2014 ilikuwa ya plastiki iliyotoka Duniani. Printa ya metali ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyoanza kazi huko mwaka 2024, ilitumia waya wa chuma kutoka Duniani. MOXIE, kifaa cha NASA kilichopelekwa Mirihi, ndicho kilichotumia mali ya huko huko: kati ya 2021 na 2023 kilizalisha gramu 122 za oksijeni kutoka hewa ya Mirihi. Oksijeni, siyo bolti.

Matengenezo ninayoyaheshimu zaidi ni ya Desemba 1972. Mwanaanga Cernan alivunja madigadi ya gari la Apollo 17, vumbi likaanza kuwamwagikia yeye na mwenzake. Waligundisha ramani nne kwa utepe, wakazibana kwa vibanio vya taa za chombo chao. Mali waliyokuwa nayo ilikuwa ile waliyokuja nayo, na naamini spea za mwanzo zitatoka huko: alumini ya vyombo vilivyokwisha kutua, ambayo tayari ni safi na aloi yake inajulikana.

Hata hapo nina wasiwasi. Majaribio yetu mengi hutumia vumbi la kuiga, kwenye mvutano wa Dunia, na Mwezini mvutano ni sehemu moja ya sita tu. Viputo vya gesi ndani ya metali iliyoyeyuka vitapanda polepole zaidi, vingine vitagandia humo humo. Kipande kitatoka kikiwa kizuri kwa macho, na kabla hakijafungwa kwenye mtungi wa hewa kitahitaji kupigwa eksirei.